Mashine Haijafa, Inavuta Hewa Tu

Watu wa huku Mufindi wakikuletea chenso (msumeno wa injini wa kukatia miti) ya zamani wanakuwa wameshaihukumu tayari. "Fundi hii imezeeka, we cheki tu kama kuna spea zinafaa." Na hapo haijafunguliwa hata bolti moja. Inatolewa kwenye kiroba imejaa unga wa mbao ulioshikana na oili mpaka huoni kabureta iko wapi, kamba ya kuwashia ilikatika wakaunga na ya katani, kifuniko cha tenki hakipo wamechomeka kitambaa. Mimi nikishaona ile silinda yenye mapezi makubwa najua ni 070, na najua pia kwamba uzee hauhusiki.

Niseme msimamo wangu mapema kabisa. Hizi mashine haziuawi na miaka, zinauawa na hewa. Hewa inapenya mahali isipotakiwa, kwenye oili sili, kwenye gasketi, kwenye mpira wa petroli uliopasuka, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha na petroli ndo iliyobeba oili, joto linapanda, pistoni inanoki (inang'ang'ania ndani ya silinda), halafu mwenye mashine anasema imezeeka. Ukishaziba hewa umemaliza sehemu kubwa ya kazi, inayobaki ni usafi na uvumilivu. Rangi mimi sipigi. Wapo jamaa wanapiga rangi ya machungwa inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, wanabandika stika mpya, wanauza, na ndani sili ni zile zile za enzi za Mwalimu.

Kwa wasioijua, 070 ni chenso ya Stihl, Wajerumani hao, ilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960 na mpaka leo ukizunguka Mafinga, Njombe, Makete, ukashuka Songea, ukaenda Kenya kwa wenzetu wanaosema pawa so, ukaingia Uganda mpaka Kongo, utaikuta iko kazini. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 58 na pistoni inatembea milimita 40, ukipiga hesabu unapata kama sisi (cc) 106. Bodaboda nyingi tunazopanda ni za sisi 100 mpaka 150, sasa injini ya ukubwa huo uibebe mkononi siku nzima. Kaka yake 090 alipanuliwa silinda mpaka milimita 66, hiyo inafika sisi 137, na ukiivuta kwa woga kamba inarudi na vidole vyako. Uzito wa 070 yenyewe unapita kilo 10 kabla hujaweka bledi (nasema kile chuma kirefu bapa ambacho cheni inazungukia) wala cheni wala mafuta.

Kilichoifanya ikae muda wote huu ni kwamba ina nguvu kwenye mwendo wa chini. Chenso za kisasa zinazunguka 12,000 kwa dakika na zaidi, hii iko kwenye elfu saba nane hivi, lakini ilaze kwenye gogo nene la mlingoti (mkaratusi) uone, inashuka sauti kidogo halafu inaendelea kula, haizimi, haikupigii kelele ya bure. Na inafunguka. Bisibisi, spana ya plagi, spana nyingine chache, umeshafika ndani. Mashine mpya zinakuja na kabureta zinazojipima zenyewe kwa elektroniki, nzuri sana, lakini ikigoma ukiwa kijijini kule Mgololo utafanya nini zaidi ya kuibeba mgongoni kurudi nyumbani.

Ukoo wake nao unafaa kujulikana maana unaeleza mambo mengi ya ndani. Andreas Stihl alianza mwaka 1926 na msumeno wa umeme, 1929 akatoa wa petroli, kilo 46, wa kushikwa na watu wawili. Mwaka 1950 ikaja BL ya mtu mmoja, kilo 16. Tabu ya mashine za wakati ule ilikuwa kabureta ya boya, maana boya linataka kabureta ikae wima, ukiilaza mashine ili ukate mti kwa chini petroli inamwagika upande mmoja injini inazima, kwa hiyo ikabidi watengeneze vitu vya kugeuza, bledi inalala lakini injini inabaki wima. Halafu 1959 ikatoka Contra, kilo 12, nguvu ya farasi 6, haina gia kati ya injini na cheni, na kabureta yake ni ya diaframu. Diaframu haijali uko wima, umelala au umepinduka. Hiyo Contra ndo mama wa 070, na ukizifungua mbili hizi pembeni kwa pembeni utaona undugu kwenye kila kona.

Sasa tuje kwenye kazi.

Kitu cha kwanza kabla ya spana yoyote, nashika mshikio wa kamba ya kuwashia nainua mashine nzima ining'inie kwa uzito wake. Ile ambayo kompresheni iko vizuri haishuki moja kwa moja, inashuka kwa kusitasita, inakwama, inaachia, inakwama tena, unaisikia kabisa mkononi pistoni inapopanda na kubanwa. Ile iliyochoka inadondoka moja kwa moja mpaka kamba inaisha. (Kama kamba ni ile iliyoungwa na katani badilisha kwanza, zaidi ya kilo kumi za chuma juu ya kidole cha mguu sio mchezo.) Jaribio hilo ni la bure na halidanganyi mara nyingi.

Cha pili natoa ekzosi. Watu wengi wanakimbilia kuchezea kabureta, mimi naanza na ekzosi kwa sababu ukishaitoa ule mdomo wa silinda unabaki wazi na unaiona pistoni yenyewe, washa tochi ya simu, vuta kamba polepole uiangalie inapanda na kushuka. Pistoni nzima inang'aa kijivu na bado ina ile mistari myembamba ya mashine ya kiwandani ikienda mlalo. Ukiona mikwaruzo ya wima upande huo wa ekzosi tu, hapo ni joto, mashine ilikuwa inavuta hewa au oili haikutosha. Ukigeukia upande wa kabureta ukakuta huko ndo kumelika na kufifia kama kumepigwa msasa, hiyo ni vumbi, filta ilikuwa mbovu au haikuwepo kabisa, na huku kwetu filta ikichanika watu wanaweka kipande cha soksi. Na ukikuta imekwaruzwa pande zote mtu aliweka petroli tupu bila oili, hata akatae vipi. Wengi wanakataa! Nimewahi kuambiwa na kijana mmoja kwamba oili aliweka "jana yake", yaani kwenye tenki lililopita, akadhani inakaa humo humo.

Halafu nachukua kijiti cha mbao nagusa ringi kupitia tundu hilo hilo la ekzosi. Ringi nzima inabonyea na kurudi. Iliyoganda na kaboni haisogei, na hiyo mara nyingi inafufuka kwa kulowekwa na kusafishwa mfereji wake taratibu, huna haja ya kununua mpya.

Pistoni ikinoki inaacha aluminiamu yake imepakaa kwenye ukuta wa silinda, na ukuta huo umepigwa kromu, ngumu sana. Kwa macho unaona silinda imeharibika kumbe kromu iko salama chini ya huo uchafu. Hapa ndo natumia kostik soda, hiyo hiyo ya kutengenezea sabuni. Nayeyusha kidogo kwenye maji, nachovya kijiti chenye pamba, napaka pale tu penye aluminiamu, inaanza kutoa povu, nafuta, napaka tena mpaka povu linaacha kutoka. Povu likiacha maana yake aluminiamu imeisha umefika kwenye kromu, kostik haiigusi kromu. Ila silinda nyuma ya hiyo kromu nayo ni aluminiamu, kwa hiyo ikiingia kwenye matundu ya pembeni au pale kromu ilipobanduka itakula silinda yenyewe, ndo maana nasema kijiti na pamba, sio kuloweka kwenye ndoo kama nilivyoona wengine. Glavu, miwani, nje penye upepo, maji ya kutosha karibu, na watoto wakae mbali, kostik ikiingia jichoni ni upofu. Jirani yangu anayetengeneza sabuni ya miche ndiye anayeniuzia kwa kupima, kila nikienda ananiuliza, "Fundi, leo tena unapika sabuni ya chuma?"

Baada ya hapo ndo hewa yenyewe, na hii hatua mafundi wengi wanairuka kwa sababu haionekani. Mota yote ya stroku mbili inavuta mchanganyiko kupitia chini, kwenye chumba cha krenki, sio juu kama gari. Chumba hicho kikivuja popote, injini inakula hewa ya wizi ambayo haijapita kwenye kabureta. Pande mbili za krenki kuna oili sili, moja nyuma ya flaiwili, moja nyuma ya klachi, raba ndogo tu, na mashine ikikaa miaka kwenye stoo raba inakauka, inakuwa ngumu, mdomo wake haukumbatii tena shafti. Ukiiwasha itawaka. Itakata hata. Lakini utaona ukiachia mkono wa mafuta mzunguko hauteremki haraka, au inapanda yenyewe ikiwa imekaa chini, na ikipata joto ndo inazidi. Waendeshaji wanapenda hiyo hali wanasema mashine imechangamka. Haijachangamka bwana, inaaga.

Kupima sio lazima uwe na vifaa vya dukani. Nakata vipande vya tyubu ya gari, naziba mdomo wa ekzosi kwa kubana na ekzosi yenyewe, naziba upande wa kabureta vile vile lakini huko naacha valvu ya tyubu ya baiskeli ikitokeza, napampu taratibu huku nimeweka geji, nusu baa inatosha kabisa ukizidisha unaweza kuisukuma sili itoke. Halafu povu la sabuni kila mahali, kwenye sili zote mbili, chini ya silinda, kwenye plagi, kwenye kiungo cha nusu mbili za bodi. Povu likivimba umempata mwizi. Nikimaliza kupampu ndani nafanya na kinyume chake, kunyonya, maana kuna sili zinashikilia vizuri hewa ikisukumwa kutoka ndani lakini zikinyonywa zinafunguka mdomo, na kwenye kazi sili inapata yote mawili kila mzunguko. Pampu ya baiskeli ukiigeuza ile ngozi ya ndani inanyonya. Nilifundishwa na baba mdogo, yeye alikuwa fundi wa mashamba ya chai, alikuwa hakubali mashine irudishwe kabureta kabla haijakaa na upepo wake dakika kadhaa bila geji kushuka.

Sili za 070 zinapatikana, na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Zile 070 za kuiga zinazotoka China zimejaa kila duka, na mafundi tunazisema vibaya kutwa, bolti laini zinazunguka kichwa, beringi za krenki hazimalizi msimu. Lakini kwa sababu ya hizo za kuiga, spea za mashine iliyoanza kutoka zaidi ya miaka 50 iliyopita ziko tele na bei ni ya kawaida. Pistoni, ringi, koili, kabureta nzima, kiti cha kabureta (seti ya diaframu na gasketi), yote unaagiza Kariakoo jioni unatuma hela kwa simu asubuhi ziko kwenye basi. Wenye mashine nyingine za zamani za Ulaya na Marekani wanahangaika kutafuta kipande miaka, sisi wa 070 tunachagua. Yaani feki ndo zimeziweka hai orijino. Mimi kanuni yangu ni moja, silinda orijino siitupi kama kromu ipo, pistoni ya kuiga naikubali ila nakagua zile klipu za kushikilia pini, nazitupa natia za orijino au za pikipiki nzuri zinazolingana, kwa sababu klipu ikichomoka ndani umepoteza silinda, pistoni na siku nzima.

Kabureta sasa. Ndani ya kabureta ya Tillotson ya hizi mashine kuna diaframu mbili, moja ya kupampu petroli kutoka tenki, moja ya kupima, hiyo ya kupima inasukuma kijiko kidogo kinachofungua sindano. Diaframu nzuri ukiigusa na kidole ni laini, inatii. Ya zamani imekakamaa kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani, ukiitingisha karibu na sikio unasikia inagonga. Hiyo haisogei kwa upepo mdogo wa injini, petroli haiji ya kutosha, mashine inawaka ukiziba choki tu, ukifungua inazima, na hapo mwenyewe anaanza kuzungusha zile skrubu mbili za kurekebishia petroli mpaka anasahau zilianzia wapi. Kiti kipya cha diaframu na gasketi ni pesa kidogo kuliko plagi nyingi. Nikishafunga naweka skrubu zote mbili mzunguko mmoja kutoka zilipokaa chini, nawasha, narekebisha ikiwa na moto, na siku zote ile ya mwendo wa juu naiacha imenona kidogo, itoe moshi kidogo, sauti iwe na mkwaruzo mdogo ikiwa haina mzigo halafu isafike ikiingia kwenye gogo. Ikilia safi na nyembamba bila mzigo usifurahi.

Mpira wa petroli na filta ya ndani ya tenki badilisha tu bila kuuliza. Na 070 za mwanzo zina pointi (za kukata na kuachia umeme wa cheche) chini ya flaiwili, zinashika kutu kijivu, moto unapotea, watu wananunua koili mpya bila sababu. Toa flaiwili kwa kifaa chake (usiipige nyundo jamani, zina sumaku na mapezi, vikivunjika hapo ndo mwisho), safisha pointi na msasa mlaini, futa kwa karatasi kavu, rudisha pengo lake chini ya nusu milimita, jaribu cheche. Zile za baadae ni elektroniki, hazina hiyo kazi.

Bodi yake ni magneziamu. Ikilala kwenye stoo yenye unyevu, na Mufindi ukungu haukosi, inatoa unga mweupe na kutoboka. Kidogo unasugua na kuziba, nyingi achana nayo. Na usiipeleke kwa mtu wa kuchomelea mageti, wala usiisage kwa grainda ukaacha vumbi lake limejikusanya karibu na cheche, magneziamu ikishika moto maji hayasaidii yanaongeza.

Mafuta ndo yananiumiza roho zaidi. Vitabu vya zamani vilisema oili moja kwa petroli 25, yaani mililita 40 kila lita, na oili nzuri ya leo ya 2T (ya injini za stroku mbili) wenyewe wanaruhusu moja kwa 50, nusu ya hapo. Mimi kwenye 070 nabaki na 25, mashine inakwenda polepole na inabeba mzigo mzito, moshi ukizidi utanuna wewe sio pistoni. Tatizo ni kwamba bodaboda zote sa hivi ni stroku nne, oili ya 2T imepotea kwenye maduka ya vijijini, kijana anafika dukani anauziwa oili ya injini ya gari namba 40 kwa kupima, anachanganya kwa macho kwenye chupa ya maji. Oili hiyo haikutengenezwa iungue, inaacha kaboni inafunga ringi na ekzosi. Ukichanganya na petroli ya chupa iliyoongezwa mafuta ya taa, hapo injini inagonga ndani na pistoni inatoboka katikati. Beba 2T yako kutoka mjini, ni chupa tu inaingia mfukoni.

Na kwenye cheni wanaweka oili chafu iliyomwagwa kwenye magari. Najua kwa nini, ni ya bure. Lakini ina unga wa chuma, unakula pampu ya oili na mfereji wa bledi, na yote inakurukia wewe kwenye nguo na ngozi kutwa nzima, nyingine kwenye udongo wa shamba lako. Kwa hili sijafanikiwa kumbadilisha mtu yeyote.

Cheni yenyewe ina hadithi naipenda. Zamani meno ya chenso yalikuwa ya kukwaruza kama ya msumeno wa mkono, yanachoka haraka. Mkata miti mmoja wa Oregon Marekani, Joe Cox, mwaka 1946 akiwa anapasua kuni aliona funza wa mbawakawa amejichimbia kwenye kisiki, anakula mbao kushoto na kulia, kufuata uzi na kukata uzi, bila shida, kwa taya mbili zenye umbo la C. Akaenda kutengeneza jino la cheni linaloiga hizo taya, kampuni yake ikaanza 1947, na cheni unayoiona leo kwenye karibu kila chenso inatokana na wazo hilo hilo. Kwa hiyo ukikuta funza kwenye gogo mheshimu.

Kunoa ndo kazi inayotenganisha watu. 070 kwa kawaida inatumia cheni ya saizi ya 404, tupa yake ya duara ni ya milimita 5.5. Kukata kwa kukingama uzi jino linanolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Kupasua mbao kwa urefu ni kitu kingine, hapo unapunguza pembe mpaka digrii 10 au chini, jino linakuwa karibu limenyooka, mpasuo unatoka laini na mashine haivutwi upande. Sukuma tupa mbele tu, kurudi inua, hesabu misukumo iwe sawa kila jino, kushoto na kulia, la sivyo bledi itakwenda inapinda na utalaumu bledi. Ukinoa mara kadhaa shusha na vile vidole vya mbele ya jino vinavyopima kina, vinatakiwa viwe chini ya jino kama milimita 0.8, watu wanavisahau halafu wanashangaa cheni kali haikati inatoa unga tu. Cheni kali inatoa vipande. Nikipita kazini kwa mtu siangalii mashine, naangalia chini kinachodondoka.

Sasa swali ambalo watu wananiuliza, kama naipenda hivyo mbona nikienda kuangusha mti natumia chenso mpya. Kwa sababu sio mjinga. Breki ya cheni kwa Stihl na Husqvarna ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, 070 haina. Ncha ya juu ya bledi ikigusa tawi mashine nzima inaruka kuelekea usoni kwako, kwa kasi ambayo mkono hauiwahi, na hapo ile breki ndo inakuwa kati yako na cheni. Kwenye 070 hakuna kitu kati yako na cheni. Ya pili ni mtikisiko. Mishikio yake imefungwa moja kwa moja kwenye bodi, hakuna raba wala springi, kila mlipuko wa silinda unaingia kwenye mifupa. Wazee waliokata miwati na mipaini miaka mingi, waangalie asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, vidole vinakuwa vyeupe kabisa, ganzi, hawezi kufunga kifungo. Huo sio ubaridi wa Mufindi peke yake, ni ugonjwa unaojulikana wa mtikisiko, Japani miaka ya 1970 waliweka kikomo cha saa 2 kwa siku kwa wakata miti. Sisi tunapasua toka saa moja mpaka jua linazama.

Kwa hiyo 070 yangu kazi yake ni moja, gogo kubwa lililolala chini, limewekwa kabari, mimi nimesimama vizuri, glavu nene, vizibo vya masikio, na napumzika. Hata hapo siwezi kukudanganya kwamba ni njia nzuri ya kupata mbao. Cheni ya 404 inakula karibu milimita 9 kila inapopita, mbao ya inchi moja ni milimita 25, kwa hiyo kila ukipasua tatu umegeuza ya nne kuwa unga. Kwenye mipaini ya shamba la miti la Sao Hill ding dong (zile mashine ndogo za kupasulia mbao) zimeshashinda zamani na ni haki yao. Ila kuna ule mlingoti ulioangukia bondeni kwa mtu, mteremko ambao hakuna ding dong itateremka wala trekta itafika, hapo watu wawili na 070 moja wanashuka asubuhi na jioni mbao zinapanda kwa vichwa. (Kibali cha kuvuna na TP, ile hati ya kusafirishia mbao, viwe tayari kabla hujawasha, usije ukasema fundi hakukwambia.)

Sa hivi kwenye benchi nina Contra. Ya kweli, sio 070, imeletwa na mzee mmoja kutoka upande wa mashamba ya chai, amekuja nayo kwenye bajaji ameifunika na koti. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba, kakaa kwenye gogo akaanza kunisimamia. Kompresheni ipo, pistoni safi kuliko nilivyotegemea, kromu haijaguswa. Povu limevimba upande wa klachi, kama kawaida. "Sasa mwanangu," kaniuliza, "itakata au unataka kuiweka kabatini?" Nimemwambia sili zinakuja na basi la kutoka Dar Jumatano, Ijumaa aje na gogo lake mwenyewe, na mtu wa kulishika upande wa pili.